Kiwili cha Sabuni

Niliingia kwa miguu yangu mwenyewe. Nalisema hilo mwanzoni kabisa, kwa sababu wajukuu wangu wakinisikia nikiwafokea watu wa kuuziana mafuta na vidonge, wale wanaokuja na begi na kukwambia ulete wenzako watatu ili utajirike, hudhani bibi yao anaogopa mambo mapya. Siogopi mambo mapya. Nina wajukuu kumi na wanne, wote wameshika kalamu, na wawili wanavaa koti jeupe la hospitali. Mambo mapya nimeyazaa mimi. Hilo la kuleta watatu si jipya. Nalijua harufu yake, na harufu yake ni ya sabuni.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Nilikuwa na watoto wawili, mmoja mgongoni na mmoja anaburuta kanga yangu. Nyumba yetu ilikuwa juu mlimani, mahali ambapo ukungu ukiondoka asubuhi unaiona Same yote chini, reli na mabati na vumbi. Mume wangu alikuwa kwenye mkonge upande wa Korogwe akitafuta ya kodi. Alikuja mara mbili kwa mwaka. Alikula, akalala, akaangalia paa kama linavuja, akaondoka. Shamba lilikuwa juu yangu.

Lakini kule kwetu mwanamke hakulima peke yake. Tulilima kwa kiwili. Kwa asiyejua, kiwili ni hivi: wanawake wa karibu, sisi tulikuwa wanane, mnabeba majembe mnakwenda kwa mmoja leo, kwa mwingine kesho, mpaka mzunguko unaisha. Anayelimiwa anapika makande, basi. Hakuna anayeandika popote. Siku yako unaijua tangu mnapoanza, kama unavyoijua Jumapili. Na sharti ni moja tu, nalo ni kwamba mtu hatoki katikati. Uwe umeshalimiwa au bado, unabaki mpaka shamba la mwisho limegeuzwa. Mwanamke aliyetoka katikati aliitwa mla jasho, na jina hilo halikuishia kwake, liliwasubiri binti zake mlangoni siku ya kuposwa.

Sasa sikiliza lilivyokuja.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa ameolewa Kisiwani, kule tambarare. Alikuwa mwanamke wa maneno matamu na kicheko kikubwa, akipanda mlima unamsikia kabla hujamwona. Siku hiyo alinikuta nafua nguo za watoto kwa maji ya majivu.

"Wifi, hata leo unafulia majivu?"

"Nafulia nilicho nacho."

"Hebu lete mikono. Yesu wangu! Kaka yangu akirudi atadhani ameoa mgomba."

"Kaka yako akirudi atakuta chakula. Mikono ya nini?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akafungua furushi lake akatoa mche wa sabuni, mwekundu, umefungwa kwa karatasi yenye ua. Akanisogezea puani. Sikuwa nimewahi kunusa kitu kama kile isipokuwa siku moja kanisani, mke wa mwalimu aliponipita.

"Unauza?" nikamuuliza.

"Ningekuwa nauza ungenunua na nini? Hii haiuzwi. Hii ni kiwili."

"Kiwili cha nini?"

"Kiwili cha sabuni."

Akanieleza. Unatoa debe moja la maharage, unapewa miche sita. Halafu unaleta wanawake watatu, kila mmoja na debe lake. Nao kila mmoja analeta watatu wake. Wakishajaa walio chini yako, debe lako linarudi, na juu yake unapewa cherehani. Si ya kuzungusha kwa mkono. Ya kukanyaga kwa miguu, na meza yake.

Ukoo wote wa mume wangu haukuwa na cherehani. Nikajiona nimekaa nyuma ya meza hiyo nikiwashonea watu nguo za Krismasi, mume wangu akiwa amekaa nyumbani kwake kama wanaume wa kweli, hana habari na mkonge.

Mama mkwe alikuwa amekaa kibarazani anapukuchua mahindi. Hakuinua kichwa.

"Mimi nimeshatoa," akasema.

"Umetoa nini, mama?"

"Debe langu. Mtoto wangu hawezi kuniibia."

Hapo mlango ulifungwa na mimi sikusikia ukifungwa. Nikikataa, namwambia mama mkwe kwamba binti yake mwizi. Mke wa mtu, nyumba ya watu, ningesema nini?

Nikasema moja tu. Nikasema, "Wifi, maharage niliyo nayo ni ya mbegu. Ndiyo vuli yangu hiyo."

Kwa vuli shamba langu lilikuwa la maharage tupu, mahindi tuliyaachia masika. Mbegu ilikuwa ndani ya vibuyu vitatu juu ya jiko, imechanganywa na majivu, inakaushwa na moshi. Vibuyu vile hata mtoto akilia njaa huvigusi.

"Yatarudi kabla mawingu hayajakaa," wifi akasema. "Wifi, hili si duka la Mhindi. Ni kiwili. Kiwili kimewahi kukudhulumu?"

Hakikuwahi. Nikapanda kwenye kinu, nikashusha vibuyu.

*

Wa kwanza kumleta alikuwa jirani yangu. Mimi na yeye tulijifungua wiki moja, tukabadilishana watoto kunyonyesha mmoja wetu alipokwenda kuchota maji. Sikuwa na haja ya maneno mengi.

"Umeingia wewe?" akaniuliza.

"Nimeingia."

"Na mama mkwe wako, yule asiyetoa hata chumvi?"

"Ametoa debe."

"Basi dunia imegeuka. Shika."

Wa pili alikuwa mjane, mtu mzima, mgongo umepinda lakini ulimi umenyooka kama mkuki. Yeye alikuwa mmoja wa wanane wa kiwili chetu, na alilima kuliko sisi wasichana.

"Mimi cherehani ya nini?" akasema. "Macho yenyewe haya? Nitajishona vidole."

"Utaiuza, mama."

"Nitamuuzia nani, na nyie wote mtakuwa nazo?"

Angalia hapo. Mwanamke hajui hata kuandika jina lake, ameliona shimo lote kwa jicho moja. Na mimi nilifanya nini? Nilicheka. Nikamwambia, "Mama, si biashara hii. Ni kiwili."

Akaangalia jembe lake lililoegemea ukuta. Akaingia ndani akatoka na kibuyu chake kikubwa.

"Kama ni kiwili," akasema, "siwezi kukaa nje."

Nimezika wazazi, nimezika mume, nimezika mtoto. Maneno ya mjane yule bado sijayazika.

*

Mzigo tuliushusha Same wenyewe. Jirani alibeba debe lake kichwani, mimi nilibeba la mjane, maana langu lilikwishashuka na wifi siku ile, na wifi alitangulia amebeba mdomo wake tu. Tuliteremka asubuhi kwenye mawe, na joto la tambarare likatupokea kama mlango wa tanuri.

Mwenye sabuni alikuwa amepanga chumba nyuma ya duka, karibu na stesheni. Alikuwa na baiskeli mpya iliyoegemezwa mahali ambapo kila mtu lazima aione, shati jeupe, na penseli sikioni. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, kinateleza. Sisi chetu kilikuwa na mawe ya Chasu, lugha yetu ya Kipare, ndani yake, tukaona aibu kufungua mdomo. Alituita mabibi. Hakuna mtu aliyewahi kuniita bibi, nilikuwa na miaka labda ishirini na mbili.

"Karibuni mabibi wa milimani! Watu wa kazi! Mwenzenu wa Kisiwani ameshapata cherehani yake, huyo hapo, muulizeni."

Pembeni alikaa mwanamke kwenye cherehani, anakanyaga. Gurudumu linazunguka, mkanda unalia, kitambaa cheupe kinapita chini ya sindano. Ilikuwa nzuri, nasema kweli, nyeusi yenye maua ya dhahabu. Wanawake wengine walisimama mlangoni wanaangalia, hakuna anayepumua.

Mimi nilisogea. Mimi ni mtu wa kugusa vitu. Nikainama kuona mshono, na mshono haukuwapo. Sindano ilikuwa inapanda na kushuka, inatoboa kitambaa, na haikuwa na uzi.

Nikamtazama yule mwanamke. Naye akanitazama. Hakuacha kukanyaga. Macho yake yalikuwa ya mtu ambaye ameambiwa kwamba akisimama hatakula.

Mwenye sabuni alikuwa anamimina debe la mjane kwenye gunia. Majivu yakapanda, akapuliza kwa mdomo, akapiga chafya, akasema, "Mabibi, siku nyingine mpepete kwanza." Hakujua kwamba ile ni mbegu. Au alijua. Kwenye gunia lile mbegu ya mjane ilichanganyika na maharage ya watu nisiowajua, na hakuna mtu duniani angeweza kuitoa tena.

Nikajikaza. Nikauliza kwa Kiswahili changu cha mawe, "Bwana, na zamu yangu ni lini?"

Akatabasamu. "Zamu yako, bibi, inategemea bidii yako."

Ningekuwa na akili ningebeba gunia lile nikakimbia nalo. Kwenye kiwili zamu haitegemei bidii. Mvivu ana zamu yake, mgonjwa ana zamu yake. Zamu inategemea zamu. Mtu anayesema kiwili na hajui siku ya mwenzake kulimiwa, huyo ameokota neno njiani. Yote hayo niliyajua pale pale, nimesimama, jasho linanitiririka mgongoni kwenye kanga ya mtoto.

Tukapewa miche yetu. Tukapanda mlima.

"Umeiona ile cherehani?" jirani akaniuliza tulipopumzika.

"Nimeiona."

"Inakwenda vizuri."

"Inakwenda," nikasema.

*

Sabuni yenyewe ilikuwa ya kucheka. Ukiiweka juu ya jiwe, ukageuka kusuuza nguo moja, ukirudi unakuta uji mwekundu unateremka na maji. Wanawake wa mtoni walitutania. "Nyie wa cherehani, sabuni yenu inafua mto!" Tulicheka nao. Watu waliokwama hucheka sana, nimeliona hilo zaidi ya mara moja.

Kwangu bado mmoja. Nilikuwa nimeleta wawili, na bila wa tatu hesabu yangu haikuwa hata imeanza, ndivyo wifi alivyosema. Kila alipopanda kumwona mama yake alipitia kwangu.

"Wa tatu yuko wapi?"

"Sijampata."

"Hujamtafuta. Unalala."

"Wifi, rudisha debe langu nitoke."

Akanitazama kama nimetukana. "Utoke? Kiwili kikiwa katikati?"

Akalitumia sharti letu. Akanifunga kwa kamba ya nyumbani kwetu, niliyoisokota mwenyewe. Na nikuambie, wakati huo niliona amekonda. Kicheko kilikuwa kile kile lakini kilianza kuchelewa. Naye alikuwa na watu chini yake kule Kisiwani waliokuwa wanamuuliza, na mtu juu yake asiyeulizwa. Nilimchukia bure, lakini nilimchukia.

Nilikwenda kwa mama mkwe. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamwambia kuhusu sindano.

Alipukuchua gunzi zima kabla ya kujibu.

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu, mama."

"Basi liishie kwangu. Unataka binti yangu apelekwe kwa jumbe, asimamishwe barazani mbele ya wanaume? Ukitaja sabuni, umemtaja yeye. Tafuta wa tatu wako ukae kimya."

"Na huyo wa tatu, mama, atamtafuta nani?"

"Hiyo ni shida yake," akasema, na gunzi akalitupa motoni.

Mawingu yakaanza kukaa juu ya kilele. Asubuhi ulikuwa unasikia harufu ya mvua iliyonyesha mahali pengine. Kiwili chetu cha kweli kikaanza mzunguko wa vuli, tukalima kwa wa kwanza, kwa wa pili, kwa wa tatu. Wa nne alikuwa jirani. Wa sita mjane. Wa nane, wa mwisho, mimi. Tukiwa kwenye mstari tumeinama, jirani alinong'ona bila kugeuza kichwa.

"Mbegu yangu inarudi lini? Wananilimia kesho kutwa."

"Karibu."

"Karibu ni siku gani?"

"Karibu," nikasema, na jembe langu likagonga jiwe.

Siku hiyo nilirudi nyumbani nikachukua ungo nikakaa mlangoni. Nilisoma madarasa mawili tu ya wamisheni, hesabu nilizijua za vidole. Nikachukua mahindi yaliyobunguliwa, yale ya makande. Nikaweka punje moja katikati ya ungo, nikasema huyu ni wifi. Chini yake tatu: mama mkwe, mimi, na mwanamke mmoja wa Kisiwani. Chini ya kila moja, tatu. Nikaanza kuwataja kwa nyumba. Jirani. Mjane. Mke wa fundi seremala. Mke wa mzee wa kanisa. Yule mwenye jicho moja wa ng'ambo ya mfereji. Nikazidi kupanga, watatu chini ya kila mmoja. Nikamtaja bibi asiyetoka kitandani. Nikamtaja msichana ambaye hata matiti hajaota. Nikafika kwa mke wa mwalimu, ambaye tayari alikuwa na sabuni yake. Wakaisha. Kijiji kizima kikaisha, na ungo ulikuwa bado una nafasi, na punje zilizobaki mkononi hazikuwa na jina.

Kuku akaja akadonoa jirani yangu na mjane. Sikumfukuza.

*

Lakini usidhani kujua kulinifungua. Kujua kulinikaza. Nilifikiri hivi, na nalisema kama lilivyokuwa: nikimpata wa tatu, mmoja tu, labda watanirudishia debe moja. Nitampa jirani. Halafu nitaona. Mtu aliyetumbukia kwenye matope hadi kiunoni hamtafuti aliyemsukuma, anatafuta wa kumkanyaga.

Nilimjua wa kumkanyaga. Alikuwa bi arusi wa nyumba ya chini, ameletwa kutoka ng'ambo ya pili ya mlima, hana hata miezi minne. Tulimwingiza kwenye kiwili akiwa wa saba, mbele yangu. Alikuwa ananifuata kama kifaranga, ananiuliza makande yanachemka mara ngapi.

Nilimkuta anafagia uwanja.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mama mkwe wako yupo?"

"Amekwenda kanisani kupamba. Karibu ndani."

Nikakaa. Nikatoa mche wa mwisho, ule niliokuwa nimeuficha usiyeyuke. Akanusa, akafumba macho. Nikamwambia maneno yote, yale yale ya wifi, hata mahali pa kucheka nilicheka. Nilijisikia nikiongea kama mtu anayesoma kitabu cha mwingine.

"Mimi sielewi hayo ya watatu watatu," akasema. "Ila wewe ukisema ni kiwili, dada, mimi naja. Nyie ndio mlionipokea."

Akainuka. Akashusha kibuyu kutoka juu ya jiko lake jipya, jiko ambalo hata halijawa jeusi.

"Hii mbegu alinipa mama yangu siku ya kuondoka," akasema. "Akasema usipike hata moja, ukikosa mbegu utarudi kwetu kuomba, na watu watasema hatukukulea." Akacheka kidogo. "Lakini itarudi, si ndiyo?"

Na akaanza kumimina kwenye debe langu. Maharage ya kwao yalikuwa na madoa mekundu, si kama yetu. Majivu yalipanda kati yetu. Nilimwacha amimine. Nasema ukweli, nilimwacha. Debe likafika nusu. Nikapiga hesabu kwamba likijaa, jirani atapanda. Sauti ile ya maharage kwenye bati, mvua yenyewe hailii hivyo.

Kibuyu kilipokuwa karibu kwisha akakigonga tako, puu, puu, ili ya mwisho yatoke. Aligonga kwa uangalifu kabisa, kwa ajili yangu, asije akanipunja hata punje moja.

Nikamshika mkono.

"Rudisha."

"Dada?"

"Rudisha ndani. Yote. Mtu yeyote akija na sabuni hii, hata mimi mwenyewe nikirudi kesho, mwambie mbegu imeliwa na panya."

"Nimekosea nini?"

"Hujakosea. Rudisha, mtoto wa watu, kabla sijabadilika."

Akawa analia, hajui analilia nini. Tulirejesha pamoja kwa viganja. Punje zikamwagika, tukaziokota moja moja sakafuni. Kisha nikaondoka na debe tupu, na kwa kila hatua lilinigonga gotini.

*

Nilisema siku iliyofuata, shambani kwa jirani, watu wote saba wapo, sufuria ya makande iko juu ya mawe. Sikungoja tule. Ningekula kwanza nisingesema.

Nikawaambia sindano haikuwa na uzi. Nikawaambia niliona, na nikanyamaza, na nikapanda mlima nikanyamaza. Nikawaambia nilikwenda kwa bi arusi jana. Wifi sikumtaja, lakini nani hakumjua?

Hakuna aliyepiga kelele. Heri wangepiga. Jirani aliweka chini upawa, akamchukua mtoto wangu aliyekuwa mapajani mwake, akanirudishia. Hivyo tu. Mtoto yule alikuwa amenyonya kwake.

Mjane ndiye aliyesema kwanza. "Kwa hiyo cherehani yangu haiji. Na mimi nilishaanza kumtafuta wa kunitungia uzi." Watu wawili wakacheka, wakanyamaza haraka. Yeye hakucheka. Alikuwa anafuta macho kwa nyuma ya mkono wenye udongo.

Aliyekuwa mkubwa wa kiwili chetu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kiume, alisimama akiegemea jembe.

"Madebe mawili yatapatikana," akasema. "Watu huomba kwao, hupunguziwa. Lakini neno letu umeliuza kwa sabuni. Kesho nikimwita mtu kwenye kiwili, ataniuliza ni cha jembe au cha sabuni?"

"Nitoeni," nikasema. "Naomba mnitoe." Nilitaka jina la mla jasho. Nililitamani, maana angalau ningekwenda nalo nyumbani nikajifungia.

"Hutoki. Mtu hatoki katikati, hilo unalijua hata wewe. Utalima kwa kila mmoja aliyebaki. Siku ya nane haipo. Kwako hatuji."

Nililima. Nilisimama kwenye mstari ule ule, na pande zote mbili zangu waliacha nafasi ya mtu mmoja. Hakuna aliyeimba. Makande nililetewa peke yangu kwenye kata, nikala nimegeukia mlima. Jumapili nilikwenda kwa mama yangu mzazi, mwendo wa nusu siku, nikamwangukia, akanipa kibuyu chake na matusi yake. Mbegu ile niliigawa sawa, nusu kwa jirani, nusu kwa mjane, nikaiacha mlangoni kwao kwa sababu hawakunikaribisha ndani. Kwangu sikubakiza.

Wifi aliacha kupanda mlima. Tulisikia kwamba chumba cha nyuma ya duka kina mpangaji mwingine, anauza samli. Mama mkwe alihamisha mafiga yake upande wa pili wa nyumba, akawa anapika peke yake. Akinipita mlangoni alikuwa anageuza uso. Nilikuwa nimemwaibisha binti yake, na ndani ya nyumba ile hakukuwa na mtu mwingine wa kuongea naye isipokuwa watoto na mbuzi.

Siku ya nane ilifika. Nilifunga mtoto mgongoni nikaenda shambani kwangu na jembe langu moja. Nilipofika nilisimama kwanza, nikasikiliza njia. Nilijua hawaji, lakini masikio hayana aibu. Hakuja mtu. Nikainama nikaanza kwenye kona ya chini, udongo mgumu kama sahani.

Jua lilipokuwa limepanda kidogo nikasikia jembe lingine. Lilikuwa linatoka juu, kwenye mpaka wa migomba. Nikanyoosha mgongo. Alikuwa mama mkwe. Amefunga kanga kifuani, amevua viatu, analima kwa pigo fupi fupi la watu wa zamani, amenipa mgongo. Nikapanda mpaka karibu yake.

"Shikamoo, mama."

Jembe halikusimama.

"Mama, hata wewe debe lako…"

"Usinisemeshe," akasema. "Rudi kwenye kona yako ulime."

Nikarudi. Tulilima siku tatu, yeye akiteremka, mimi nikipanda, mpaka majembe yetu yakakaribiana katikati na kila mmoja akawa anasikia mwenzake anavyohema. Hakuniangalia. Siku ya tatu jioni mvua ikaja, ya kweli, ikitembea kutoka Same kama watu wengi. Udongo ulikuwa umegeuzwa wote, mweusi, laini, sijawahi kuwa na shamba lililolimwa vizuri namna ile. Tulisimama ndani yake tumelowa, wanawake wawili wa nyumba moja, na hatukuwa na mbegu hata moja ya kutia.